Mjadala: Majaji wa Mahakama ya Katiba wapatikane kwa mkono wa Rais, kwa kura ya bahati, au kwa njia nyingine?

Wandugu, wamama, wazee wetu, jambo sana kutoka Lubumbashi.

Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina majaji 9 wa Mahakama ya Katiba. Hao ndio wanaosema nani ameshinda urais, nani aingie katika orodha ya wagombea na nani abaki nje, na ndio wenye uwezo wa kumhukumu Rais na Waziri Mkuu. Sisi wa Katanga hatuna haja ya kufundishwa uzito wao. Oktoba 2023 tulikaa na redio tukingoja waseme kama Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wetu, ataruhusiwa kugombea, kwa sababu mgombea mwenzake Noël Tshiani alikuwa amewaomba wamfute kwa habari ya uraia. Walilikataa ombi lile, na wengi hapa wakashusha pumzi. Lakini tangu siku ile najiuliza: watu wenye uwezo kiasi hicho wanafikaje pale juu? Na je, njia hiyo tuiache ilivyo?

Msimamo wangu nautoa mapema. Bahati ina nafasi yake katika kupata majaji, lakini katika Katiba yetu tumeiweka mahali pabaya: kura ya bahati inawatoa majaji, haiwaingizi. Mimi nasema igeuzwe.

Nianze mbali, Marekani, maana kila mjadala wa mahakama ukifika hapa kwetu kuna mtu anaitaja nchi hiyo kama kielelezo. Mahakama Kuu yao ina majaji 9 pia. Rais anateua, Seneti inathibitisha, na jaji anakaa mpaka afe au aamue mwenyewe kupumzika. Hakuna muhula wala umri wa kustaafu. Basi Rais wao anateua majaji wangapi? Wale tu ambao vifo na uchovu wa wazee vitamwachia nafasi. Jimmy Carter alitawala miaka 4 kamili, 1977 hadi 1981, hakupata kuteua hata mmoja. William Taft alitawala miaka 4 vilevile, 1909 hadi 1913, akateua 6. Barack Obama katika miaka 8 aliweka 2; Donald Trump katika 4 yake ya kwanza akaweka 3. Hakuna mpiga kura aliyeamua tofauti hizo.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Thurgood Marshall, jaji wa kwanza mweusi katika mahakama ile. Afya ilimshinda, akaacha kiti mwaka 1991, na Rais Bush baba akamweka Clarence Thomas, mtu ambaye katika kesi nyingi nzito anaona kinyume kabisa na Marshall. Marshall alifariki tarehe 24 Januari 1993, siku 4 baada ya Bill Clinton kuapishwa. Thomas amekaa pale zaidi ya miaka 30. Sheria zinazowagusa mamilioni ya watu zimepinda kwa sababu mzee mmoja mgonjwa aliondoka kitini kabla ya uchaguzi na si baada yake.

Na wanasiasa hawaiachi bahati itembee peke yake. Februari 2016 alikufa jaji Antonin Scalia. Obama akamteua Merrick Garland mwezi uliofuata, lakini Seneti, iliyokuwa mikononi mwa wapinzani wake chini ya Mitch McConnell, ilikataa hata kumsikiliza, kwa hoja kwamba mwaka ni wa uchaguzi na wananchi waamue kwanza. Kiti kikakaa wazi zaidi ya mwaka, Trump akaja kukijaza. Kisha tarehe 18 Septemba 2020 akafa jaji Ruth Bader Ginsburg, akiwa na miaka 87. Mwaka ulikuwa wa uchaguzi tena, na uchaguzi ulikuwa karibu kuliko ule wa kwanza. Seneti ileile ikamthibitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, kura 52 kwa 48, siku 8 kabla ya watu kupiga kura. Kifo ni kifo, lakini mwenye wingi wa viti ndiye aliyeamua kifo kipi kina haraka na kipi kingoje. Juni 2022 mahakama hiyo ikafuta haki ya utoaji mimba iliyokuwa imedumu tangu 1973. Mtu aweza kuunga mkono uamuzi ule au kuupinga. Mimi natazama njia iliyowaleta walioutoa.

Sasa turudi nyumbani.

Waandishi wa Katiba yetu ya 18 Februari 2006 hawakufuata njia hiyo. Kifungu cha 158 kinampa jaji miaka 9 isiyorudiwa. Wote 9 wanateuliwa kwa ordonansi (amri) ya Rais, lakini 3 tu ndio wa chaguo lake mwenyewe. 3 wanatajwa na wabunge na maseneta wakikutana pamoja katika Kongresi, na 3 wanatajwa na Baraza Kuu la Mahakimu. Kila baada ya miaka 3 theluthi moja inafanywa upya, na wa kuondoka wanatafutwa kwa kura ya bahati, mmoja kutoka kila kundi. Kwenye karatasi, mikono mitatu inateua, na hakuna anayeweza kupanga nani aondoke. Wale walioandika hayo walifikiri, na nawaheshimu kwa hilo.

Lakini tazameni ilivyokwenda. Rais Joseph Kabila aliwateua wa kwanza mwaka 2014, wakaapa Aprili 2015. Mei 2016, uchaguzi ukiwa haujulikani utafanyika lini, wakatoa uamuzi kwamba Rais aliyemaliza muhula anabaki mpaka mwingine aingie. Mnakumbuka barabara zilivyowaka baada ya hapo. Ikafika Aprili 2018, wakati wa kufanya theluthi upya. Jaji Yvon Kalonda akafariki, na majaji wawili, Banyaku Luape na Jean-Louis Esambo, wakajiuzulu. Viti 3 vikawa wazi miezi michache kabla ya uchaguzi mkubwa, na Mei Rais akavijaza. Kati ya walioingia alikuwemo Norbert Nkulu, aliyejulikana kuwa mtu wake wa karibu. Januari 2019 mahakama hiyo ikalitupa ombi la Martin Fayulu, mgombea aliyepinga matokeo, na kumthibitisha Félix Tshisekedi kuwa Rais.

Halafu 2020. Mkuu wa mahakama, Benoît Lwamba, akaondoka. Tarehe 17 Julai Rais Tshisekedi akatia saini ordonansi: majaji Noël Kilomba na Jean Ubulu wapelekwe Mahakama ya Kasasyo, mahakama ya juu ya kesi za kawaida, na watu 3 wapya waingie Mahakama ya Katiba. Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba, wa kambi ya Kabila iliyokuwa ikitawala pamoja na Tshisekedi, alikuwa huku kwetu Katanga kikazi. Aliyetia saini ya pili badala yake ni waziri wa mambo ya ndani, wa chama cha Rais. Kilomba na Ubulu walikataa wakisema hawakuulizwa na miaka yao 9 haijaisha. Hawakurudi vitini. Tarehe 21 Oktoba wapya wakaapa katika Jumba la Watu, makao ya Bunge, wakuu wa Bunge na Seneti wakiwa hawapo. Kabla mwaka haujaisha, muungano wa Kabila na Tshisekedi ukavunjika. Mnaona hapa kifungu cha 158 kilikuwa wapi? Kila kambi ilijua kwamba mwenye mahakama ndiye atakayeshinda mabishano yajayo, ikakimbilia viti kabla ya mwenzake.

Na kura yenyewe ya bahati? Mwaka 2021 majaji walimchagua Dieudonné Kaluba, mmoja wa wale 3 wapya, kuwa mkuu wao. Novemba mwaka huo mahakama, yeye akiwa kitini, ilisema haina uwezo wa kumhukumu Matata Ponyo, aliyekuwa Waziri Mkuu, katika kesi ya fedha za umma za shamba la Bukanga-Lonzo. Mei 2022 kura ikapigwa, na jina lililotoka ni la mkuu mwenyewe. Hajatimiza hata miaka 2 tangu aape, akaondoka. Badala yake akachaguliwa Dieudonné Kamuleta, na Novemba 2022 mahakama ikasema sasa inao uwezo wa kumhukumu Waziri Mkuu wa zamani. Mei 2025 Matata akahukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu, mwenyewe hayupo. Sisemi kura ile ilichezewa, sina ushahidi, na sitaki mtu aniwekee maneno hayo mdomoni. Wala sisemi Matata hana hatia. Nasema hivi: raia anayetazama anaona kesi ileile, Katiba ileile, mahakama ileile, na majibu mawili, katikati yake kuna kura ya bahati. Atawezaje kuamini kwamba sheria ndiyo iliyosema?

Jaji mwenye kujua kwamba miaka 9 ni yake anaweza kumkasirisha Rais na kulala usingizi. Yule anayejua kwamba mwaka wa tatu jina lake linaweza kutoka chunguni, aanze kutafuta kazi, na anayegawa kazi ni walewale aliowahukumu, ataandika hukumu akitazama kesho yake. Tena kila kiti kinachoachwa na kura kinajazwa kwa ordonansi ya Rais aliyeko wakati huo. Tumewakimbia Wamarekani na vifo vyao, kisha tukajitengenezea sisi wenyewe nafasi za kushtukiza. Ile mikono mitatu nayo, pale chama cha Rais na washirika wake wanapokuwa na wingi Bungeni na Seneti, inabaki miwili. Na Baraza Kuu la Mahakimu linaongozwa na nani? Na mkuu wa Mahakama ya Katiba yenyewe.

Pendekezo langu: Rais abaki na 3 wake, maana amechaguliwa na watu na hilo silipingi. Wale 6 wengine wapatikane kwa kura ya bahati kutoka orodha ndefu ya watu waliokwisha kupimwa: mahakimu wenye miaka mingi, maavoka (mawakili) wanaotajwa na mabaraza yao ya kila jimbo, walimu wa sheria kutoka Lubumbashi, Kinshasa, Bukavu, Goma, Kisangani. Kila aliye katika orodha aulizwe maswali hadharani, redioni, mali yake itajwe, hukumu zake na maandishi yake yasomwe. Kisha kura ipigwe mbele ya watu wote. Akishaingia, miaka 9 iwe 9. Mwanasiasa hawezi kumhonga mtu ambaye hajui kama ndiye atakayetoka, na jaji aliyeingia hivyo hana wa kumlipa deni.

Semeni. Anayeona nimekosea aseme wapi.

Mama mmoja wa Katuba ajibu:
Mwanangu, aksanti kwa kuandika. Lakini hapo kwa Katumbi umepita haraka. Mahakama ile 2023 majaji wake wote waliteuliwa na Rais aliyekuwa anagombea, au na Rais aliyemtangulia. Na bado walimwacha mpinzani agombee. Sasa unatuambia mteuliwa lazima amfuate aliyemteua? Mimi nimeona watu wakipewa kiti wanabadilika kuwa wazuri. Tusiwahukumu kabla.

Mwandishi:
Mama, nakubali kwamba hawakumfunga Katumbi njia, na niliandika hivyo. Hata Marekani wapo majaji waliowashangaza walioteua. Earl Warren aliwekwa na Eisenhower, akaongoza mahakama iliyofuta ubaguzi wa shule mwaka 1954, jambo ambalo aliyemteua hakulitarajia. Lakini mama, hiyo ni kutegemea moyo wa mtu. Akiwa mwema tunashukuru. Asipokuwa mwema hatuna pa kwenda, kwa sababu hukumu za mahakama hii hazina rufaa. Mimi nataka utaratibu ambao hata mtu mwenye moyo dhaifu aweze kusimama wima ndani yake.

Mwanafunzi wa sheria, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi):
Yaya, kwa nini tusiwachague majaji wenyewe kwa kura za wananchi? Bolivia wanafanya tangu 2011.

Mwandishi:
Ndiyo, na katika kura ile ya 2011 karatasi zilizoharibiwa na zilizoachwa tupu zilizidi halali, maana watu hawakuwajua wagombea. Mexico nao walichagua majaji Juni 2025, waliojitokeza walikuwa karibu 13 kwa kila wapiga kura 100. Hapa kwetu ongeza gharama ya kampeni kutoka Lubumbashi hadi Gemena. Jaji atazipata wapi fedha hizo? Kwa mwanasiasa au kwa mwenye mgodi. Hapana, mdogo wangu, hiyo inarudisha deni mlangoni.

Avoka wa Bukavu:
Ndugu wa Lubumbashi, nakuunga mkono nusu. Orodha ndefu na maswali hadharani ni jambo jema. Kenya wanafanya hivyo, tume yao inawahoji wagombea televisheni zikiwa wazi, na ile mahakama yao ya juu ilifuta uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani tarehe 1 Septemba 2017. Lakini hata huko, Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuwateua majaji 6 waliopendekezwa na tume, wakangoja mpaka William Ruto alipoingia Septemba 2022. Utaratibu mzuri bila Rais anayeuheshimu unakwama pale pa saini. Nusu nisiyoikubali ni hii: unataka kugusa kifungu cha 158. Kugusa 158 ni kufungua Katiba. Tangu Oktoba 2024, Rais alipotangaza Kisangani kwamba ataunda tume ya kuangalia Katiba, kila mtu anajua macho yapo kwenye kifungu cha 220, kinacholinda idadi na urefu wa mihula. Wewe utaingia kwa nia safi kutengeneza dirisha, wenzako watatokea mlango mwingine na nyumba nzima. Hapo mimi siko.

Mkaaji wa Goma:
Mnabishana vizuri, lakini mtukumbuke. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji wetu uko chini ya waasi wa M23. Mtu akinyang'anywa kiwanja leo hajui ampelekee nani. Kwetu swali la kwanza ni hakimu yeyote wa Jamhuri, hata wa ngazi ya chini kabisa.

Mwandishi:
Ndugu wa Goma, pole sana, na sitakujibu kana kwamba nina dawa ya hilo. Nakubali kwamba hakimu wa kiwanja anakuja kwanza. Siku serikali itakaporudi huko, nani aliwakosea na nani atawajibika vitafika kwenye mahakama, na nyingine kati ya kesi hizo zitafika juu kabisa. Ndiyo maana sitaki tungoje amani kwanza ndipo tuzungumze majaji.

Avoka, hoja yako ya 220 imenifanya nikisome tena kifungu cha 158 taratibu. Kinasema wale 6 wanatajwa na Kongresi na Baraza Kuu. Hakisemi wanatajwa kwa njia gani. Njia hiyo iko katika kanuni za ndani za Kongresi na katika sheria ya Baraza. Basi orodha wazi, maswali hadharani na kura ya bahati ya kuingia vinaweza kuwekwa pale bila kugusa neno moja la Katiba. Rais atapokea majina 3 kutoka huku na 3 kutoka kule, atatia saini. Akikataa kutia saini, itaonekana ni yeye aliyekataa, si kama sasa ambapo hakuna anayejua majina yalitoka wapi.

Kinachobaki nje ya uwezo huo ni kura ya kutoka. Ile imeandikwa ndani ya 158 yenyewe, na nakubaliana nawe kwamba kwa hali ilivyo leo tusiiguse. Tuanze na mlango wa kuingia. Nawaomba maavoka walio humu, wa Bukavu na wa hapa, mtuandikie jinsi kanuni za Kongresi zinavyosema leo kuhusu kutaja majaji, kifungu kwa kifungu, ili tujue ni mistari ipi ya kuwapelekea wabunge wetu wa Haut-Katanga wakirudi likizo.